Kisiwa Kilichoacha Kuwa Kisiwa: Barua Kutoka Urk



Mabibi harusi wanaotaka kuja kwa waume zao huku Ulaya huniuliza sana maisha yakoje, na mimi kila mara najibu kwa mkato: baridi, kazi, na upweke mpaka uzoee. Leo nitajibu kwa urefu. Kuna jambo la nyumbani kwetu, la wifi yangu, limenifanya niufikirie mji huu ninaokaa kuliko nilivyowahi kuufikiria tangu nije. Nitafika huko. Kwanza niwaonyesheni mji wenyewe.

Naishi Urk. Najua hamjausikia, hata mimi sikuwa nimeusikia. Nilipoolewa niliambiwa nakwenda Uholanzi, na kichwani mwangu Uholanzi ilikuwa maua ya tulip, baiskeli na Amsterdam. Mume wangu anafanya kazi kwenye kiwanda cha samaki, anachuna minofu. Alinipokea uwanja wa ndege mwezi wa Februari, tukaingia garini, na baada ya muda tukaanza kupita kwenye nchi iliyonyooka kama meza iliyopigwa pasi. Mashamba, mifereji, barabara isiyokuwa na kona. Akaniambia, "Hapa tunapopita palikuwa bahari." Nikadhani ananitania, maana ndiyo kwanza tulikuwa tunazoeana na alikuwa na mizaha mingi. Nikacheka. Yeye hakucheka.

Kisha mbele nikaona kimlima kidogo, na juu yake mnara wa taa, kanisa na paa nyekundu zimebanana, na chini yake milingoti ya boti. Ukiwa mtoto wa kisiwa, jicho lako linajua kisiwa kikoje. Nikamwambia mume wangu, "Hiki kisiwa." Akasema, "Kilikuwa."

Hiyo ndiyo habari nzima ya Urk, lakini ina utamu wake ukiipata taratibu.

Kilima kile ni rundo la udongo mgumu na mawe lililosukumwa na barafu kutoka nchi za kaskazini zamani sana, kabla ya watu kuandika chochote. Maji yalipokuja kuzunguka na kula ardhi laini ya pembeni, rundo hilo likabaki. Jina lake limo kwenye hati ya mwaka 966, pale mfalme Otto wa Kwanza alipotoa sehemu ya kisiwa hiki kwa watawa wa Köln, Ujerumani. Baadaye kikapita mikono ya mabwana mbalimbali, na mwaka 1660 mji wa Amsterdam ukakichukua. Matajiri wa Amsterdam hawakukitaka kwa sababu ya watu wake. Walikitaka kwa sababu meli zao zote zilipita hapo kuelekea nyumbani, na zilihitaji moto wa kuziongoza usiku. Sisi wa Zanzibar tunaijua vizuri hali hiyo ya kutakiwa kwa sababu ya njia ya meli.

Bahari iliyokizunguka iliitwa Zuiderzee, yaani Bahari ya Kusini, ghuba kubwa iliyoingia mpaka kifuani mwa Uholanzi. Watu wa Urk walivua humo. Nayo ilikuwa bahari yenye hasira. Januari 1916 ilifurika, ikavunja kuta na kuzamisha vijiji, na baada ya hapo serikali ikaamua iliyokuwa inasitasita kuamua kwa miaka mingi. Mhandisi mmoja, Cornelis Lely, ambaye pia alikuwa waziri, alikwishachora ramani ya kuifunga ghuba yote. Sheria ikapitishwa mwaka 1918. Tarehe 28 Mei 1932 tundu la mwisho la ukuta likazibwa. Ukuta huo, Afsluitdijk, una urefu wa kilomita 32, na juu yake leo magari yanapita. Bahari ikageuka ziwa. Maji ya chumvi yakawa baridi, yaani ya kunyweka, na samaki wa chumvi wakaondoka.

Hebu fikiria. Wewe ni mke wa mvuvi. Mume wako, baba yake na babu yake wote wanaijua bahari ile kama wewe unavyojua jiko lako, kisha inakuja barua kutoka mjini kwamba bahari itafungwa. Kulikuwa na sheria ya fidia ya mwaka 1925 ya kuwasaidia wavuvi, lakini fidia si bahari. Wengi nje ya Urk waliona uvuvi wa kisiwa kile umekwisha.

Haukwisha. Wanaume wa Urk walipitisha boti zao kwenye malango ya maji ya ukuta ule ule uliowafungia, wakatoka nje kwenda Bahari ya Kaskazini, ambayo ni kubwa zaidi, ya mbali zaidi na ya kuua zaidi. Hilo ndilo jambo ambalo mabango ya watalii hayalisemi vizuri. Ukuta uliwaokoa watu wa pwani na mafuriko, na wakati huo huo ukawapeleka wanaume wa Urk kwenye maji mabaya zaidi.

Mwaka 1939 likaja tuta la kuunganisha kisiwa na bara, kutoka Lemmer. Mwaka 1942, katikati ya vita, maji yalikwishapampiwa nje, na upande mmoja wa kisiwa ukawa shamba. Mtu aliyelala kisiwani akaamka bara bila kuhama nyumba! Mashamba mapya yaligawiwa kwa wakulima waliochaguliwa, na hapa nitawachekesha: watu wa kamati walikwenda mpaka majumbani mwa waombaji kumtazama mke anavyotunza nyumba yake. Mwanamume aombe shamba, mkewe akaguliwe sufuria. Nilipohadithiwa nikamkumbuka shangazi yangu, ambaye akienda kuposea mtu hukimbilia jikoni kabla ya kukaa.

Kiserikali nao wamehamishwa bila kuhama. Manispaa ya Urk ilikuwa chini ya mkoa wa Noord-Holland, mwaka 1950 ikapelekwa Overijssel, na mwaka 1986 mkoa mpya wa Flevoland ulipoundwa ikaingizwa humo. Kilima ni kile kile. Leo ina watu zaidi ya 20,000, na ni manispaa yenye watoto na vijana wengi kupita zote Uholanzi. Familia ya watoto watano au sita hapa haimshangazi mtu. Watoto wakiuliza wametoka wapi, huambiwa wametoka kwenye jiwe kubwa lililomo majini nje ya bandari, linaloitwa Ommelebommelestien, na kwamba baba alikwenda na mashua kuwachukua. Mimi niliambiwa nimeokotwa sokoni Darajani, kwa hiyo naona wao wana bahati.

Lakini si kila kisiwa kilikuwa na bahati ya Urk. Mashariki yake kulikuwa na kisiwa cha pili, Schokland, chembamba na cha chini. Bahari ilikila mwaka hadi mwaka mpaka watu wakawa wanakaa kwenye vichuguu vichache, wakipita kutoka kijiji kimoja kwenda kingine juu ya njia ya mbao. Mwaka 1859 mfalme akaamuru kisiwa kihamwe na manispaa ikafutwa. Watu wapatao 650 wakatawanyika, wengine Kampen, wengine Vollenhove na Volendam. Nimekwenda kukiona. Leo kimezungukwa na mashamba pande zote, na bandari yake ya zamani imo kwenye majani makavu. Tangu 1995 ni urithi wa dunia wa UNESCO, kama Mji Mkongwe wetu. Nilisimama pale kwenye gati ambalo halina tone la maji nikasema SubhanAllah, nikashindwa kusema zaidi. Wale waliondoka kwa sababu maji yamezidi, na miaka 83 baadaye maji yenyewe hayapo.

Sasa niwaambieni ukweli wa kuishi hapa, maana mtu akisoma historia peke yake anaweza kudhani nilipapenda. Sikupapenda. Hakuna treni. Upepo unakuvua mtandio mpaka ujifunze kuubana kwa pini nne. Watu wa hapa ni Wakristo wa kushika dini sana, makanisa ni mengi kuliko maduka ya nguo, na macho yao yanajua mgeni. Wapo wanaovipigia kura vyama visivyotutaka, na wapo walionipita barabarani kama napita upepo. Sitawaficha hilo. Msikiti hatuna karibu, mume wangu huenda Ijumaa mji mwingine akipata ruhusa kazini, na mimi nasali chumbani nikiwa nimeelekea kabati la nguo, ndiko kibla kilikoangukia.

Kilichonivuta kidogo kidogo ni mji wa kale. Vichochoro vyao wanaviita ginkies, vimepinda na kubanana hivi kwamba watu wawili wenye vikapu hawapishani, na nyumba za zamani zilikuwa hazina majina ya mitaa. Mtu alikaa Mtaa wa Tatu nyumba nambari fulani, basi, mgeni utajijua. Siku ya kwanza nilipotea nusu saa na maziwa yangu mkononi, nikajisikia niko nyuma ya Malindi. Na samaki! Mkunga wa kufukizwa moshi, na wale samaki bapa ambao sisi tunawaita gayogayo. Bi harusi usihofu, hapa hutalala njaa ya halali. Boti zao zote zimeandikwa UK na nambari, na mimi miezi miwili nilidhani ni za Uingereza.

Halafu ikaja Jumapili ya nguo.

Nilikuwa nimefua, jua limetoka kwa nadra yake, nikatoka nyuma kwa furaha nikaanika shuka, kanzu za mume wangu na khanga zangu zote, zinapepea kama bendera za maulidi. Baada ya robo saa kengele ikalia. Jirani yangu, mama mtu mzima wa miaka sabini na kitu, amevaa sketi ndefu nyeusi na kofia ya kanisani. Namwita buurvrouw, maana yake jirani wa kike, ndivyo watu wanavyoitana hapa. Kidachi changu kilikuwa cha kubahatisha, lakini nilielewa: leo siku ya Bwana, hapa hatuaniki nguo. Hakugomba. Alisema kwa sauti ya mtu anayekufichia aibu.

Nilifunga mlango nikakasirika. Nikampigia simu mama nimlalamikie. Mama akanyamaza kidogo akasema, "Na mtu akija kwetu mchana wa Ramadhani akakaa barazani anakula embe, utamfanyaje?" Nikatoka nikaanua.

Kesho yake asubuhi, Jumatatu, nikaona buurvrouw anaanika na mimi naanika, akanipungia mkono juu ya ua. Tukaanza hivyo. Alinionyesha picha ya mama yake akiwa amevaa nguo za asili za Urk, kifua kimefunikwa, kofia nyeupe imeficha nywele. Akaonyesha kofia kwenye picha, kisha akaonyesha mtandio wangu, akainua mabega kama anayesema mbona hakuna jipya. Siku hizi nguo zile huvaliwa na wazee wachache na siku za sherehe tu.

Na nikaanza kuielewa wiki ya hapa. Boti hazivui Jumapili. Jumapili saa sita ya usiku inapopita, wanaume wanaondoka, wengi kwa magari madogo ya kazi kwenda bandari za mbali zinakolala boti zao kubwa, kama Harlingen au Den Helder. Wiki nzima mji ni wa wanawake, watoto na wafanyakazi wa viwandani. Ijumaa wanarudi. Ijumaa mchana harufu ya vitu vya kuoka inatoka madirishani, wanawake wametengeneza nywele, watoto wako mlangoni. Ijumaa ni siku yetu tukufu, na mimi humu ndani nasoma Suratul Kahf na udi unafuka, na nje mtaa mzima uko kwenye furaha yake nyingine kabisa. Mara ya kwanza nilipoliona hilo nilikaa dirishani nikalia, na mume wangu akadhani nimepata habari mbaya kutoka nyumbani.

Habari mbaya nilikwishaipata zamani.

Mimi nina kaka yangu mmoja tu, wa tumbo moja. Sijui niseme nina au nilikuwa naye, na mtaona kwa nini. Alikuwa mvuvi. Alioa mwaka mmoja kabla yangu, harusi ya kelele, ngoma siku tatu. Miezi mitano baada ya harusi alikwenda dago na wenzake wanne, wakati wa kusi. Boti ilipinduka usiku. Wawili waliokotwa asubuhi. Walisema walimwona ameshika ubao, kisha hawakumwona. Hakuna mwili uliopatikana.

Wanawake wa pwani mnaijua hali hii. Wifi yangu alikuwa na hina ya Ijumaa ile mikononi. Akawa anakwenda ufukweni kila jioni na khanga nyekundu ambayo kaka aliipenda, ili akirudi amwone kwa mbali. Hakuna aliyethubutu kumwambia akae eda, maana kumwambia mke akae eda ni kumwambia mumeo amekufa, na mama yangu hakutaka neno hilo litamkwe nyumbani kwake. Mpaka masheikh wakakaa na wale wawili, wakasikiliza ushahidi wao, ikaamuliwa kuwa amefariki usiku ule, na eda ihesabiwe tangu usiku ule. Kumbe siku arubaini na mbili zilikwishapita. Wifi alilia kwa hilo kuliko kwa jingine lolote. "Siku arubaini na mbili za eda ya mume wangu nimezimaliza nimevaa nyekundu." Akakaa zilizobaki katika miezi minne na siku kumi, amevaa nguo zisizo na pambo, kwenye chumba chake cha bi harusi.

Sala ya ghaibu ilisaliwa, khitma ikasomwa. Mama alihudhuria vyote kama mgeni kwenye msiba wa watu wengine. Sanduku la wifi, lile la harusi, lenye doti za khanga ambazo hazijakatwa, mama alilisukuma chini ya kitanda chake mwenyewe. "Likae hapa mpaka wenyewe warudi." Wenyewe, akimaanisha wawili.

Picha ya kaka iko sebuleni kwangu hapa Urk. Siku moja buurvrouw alikuja kuniletea supu, akaitazama akauliza ni nani. Nikamwambia. Akauliza kaburi liko wapi. Sikuwa na maneno, nikanyoosha mkono kuelekea dirishani, kwenye maji. Hayakuwa maji yenyewe, ni ziwa tu lile, lakini alielewa. Akaiweka supu mezani, akavaa koti lake, akaniambia twende.

Tulikwenda mpaka juu, karibu na kanisa la zamani lililo kando ya maji, lililojengwa 1786. Nilikuwa nimepita pale mara nyingi bila kusimama. Kuna sanamu ya mwanamke wa mvuvi, nguo zake zinapeperushwa na upepo, ametazama majini. Ukutani kuna vibao vya mawe vyenye majina. Ni wanaume wa Urk waliochukuliwa na bahari, vizazi na vizazi, kila mmoja na umri wake. Nikaanza kusoma. Baba na mwana. Ndugu kwa ndugu. Vijana wadogo ambao kwetu wangekuwa bado chuoni wanahifadhi juzuu. Majina yale yale ya ukoo yanajirudia kama wimbi.

Buurvrouw alikwenda moja kwa moja kwenye kibao kimoja, hakutafuta. Akaweka kidole. Ni babu yake, mzaa baba. Hakuonekana tena. Bibi yake alibaki na watoto wanne, na kwa miaka miwili alikuwa akiosha kikombe cha mumewe kila Ijumaa pamoja na vikombe vingine, akikirudisha mahali pake. Kisha akaolewa na mvuvi mwingine, na kikombe kikabaki kabatini, na mume wa pili hakukigusa wala hakuuliza. "Alikuwa mwanamume mzuri," akasema buurvrouw. "Nilimwita babu, huyo wa pili. Na huyu hapa pia ni babu."

Akaniuliza jina la kaka yangu. Nikalitaja. Akalirudia, vibaya, kwa koo lake lile la Kidachi, akiwa amesimama mbele ya majina ya watu wake. Ni mtu wa kwanza kulitaja jina la kaka mbele yangu, kwa sauti, kama jina la marehemu. Nikainua mikono nikamwombea dua pale pale, upepo unanipiga, na yeye akasubiri kichwa chini mpaka nilipojipangusa uso.

Najua mtasema sanamu. Mimi pia nilisimama upande, nikaelekea maji. Sisi hatusimamishi sanamu na hatuna haja nayo, tuna dua, tuna sadaka, tuna Qur'an. Lakini naomba niseme ninachofikiri. Sisi watu wa visiwa tumepoteza wangapi baharini, na yapo wapi majina yao? Si sanamu, majina tu, umri wao, watoto wa nani. Tunamwachia mama kuyabeba kifuani, kisha tunamshangaa haweki chini.

Sasa jambo la wifi. Ameposwa. Ni mwalimu wa madrasa, mtu wa watu, amefiwa na mkewe. Wifi ni mtu mwenye adabu, alimtuma shangazi yake kwa mama yangu kumweleza kabla ya kujibu posa, ingawa kisheria haihitaji ruhusa ya mkwe. Eda yake ilikwisha zamani, ni huru kama nilivyokuwa mimi. Mama alimjibu shangazi maneno matatu: "Na akirudi je?" Basi nyumba mbili zikanuniana. Wifi akanipigia simu analia, hataki kumvunja mama, hataki kumkosa mtu wa kheri, na ana miaka ishirini na sita.

Nilimpigia mama Ijumaa. Sikumwambia kwamba kaka hatarudi, hayo ameambiwa na masheikh na yakampita. Nilimhadithia Urk. Mama anapenda habari za bahari. Nikamweleza jinsi bahari ilivyofungwa mpaka kisiwa kikawa bara, na wanaume wakaifuata bahari nyingine mbali. Nikamweleza gati la Schokland lililosimama kwenye majani. Nikamweleza vibao. Nikamweleza bibi wa jirani, kikombe chake na mume wake wa pili ambaye hakukigusa.

Mama akauliza swali moja: "Aliyeolewa naye, alikuwa akienda pale kwenye jina?"

Nikasema sijui, wakati ule vibao vilikuwa havipo, lakini nadhani angekwenda.

Akasema haya, akakata simu. Siku tatu kimya. Wifi ananiuliza, sina la kumjibu. Jana asubuhi, Jumatatu, niko nje nimejaza kamba, buurvrouw upande wake na mimi upande wangu, simu ikalia mfukoni kwenye aproni. Ujumbe wa sauti wa mama, wa sekunde kumi na moja. Kwanza anakohoa, anamfukuza kuku, kisha: "Mwambie mwenzio aje achukue sanduku lake. Aje na mtu wa kulibeba, zito. Na lile khanga jekundu alilipeleka wapi, simuoni nalo."